Fimbo Nyuma ya Mulango

Mwana wangu Ngoie,

Kama unasoma hii barua, basi fimbo yako iko mukononi. Nimezungusha karatasi pale unaposhikaka, nikaifunga na kipande ya mupira ya gurudumu, juu nakujua: asubuhi, mbele ya kusali, mbele ya kusalimia muntu, mukono yako inatafuta fimbo. Kama umemusikiliza Fabrice, huyu anayetaka kukupeleka Joburg, ukaiacha nyuma ya mulango, basi nimejiandikia mwenyewe, na hakuna tena cha kusema.

Habari ya maji ya kunywa na ya baridi ya kule, Mama Chantal jirani yetu amekwisha kukuambia, na atakuambia tena mpaka gari iondoke. Mimi, bilema benzangu ba mupaka habakuniita Prezida juu ya kufundisha muntu kuvaa triko ya baridi.

Uko na haki ya kunicheka. Tangu mama yako, dada yangu, alikuacha kwenye magoti yangu mimi muyomba wako, haya magoti ambayo polio iliyalaza lakini yamelea mutoto kupita magoti ya wanaume wengi wa mutaa yetu ya Annexe, umekula hadithi zangu pamoja na bukari ya unga. Unajua ya kamyo ya shaba iliyokosa freni kwenye mutelemuko ya Kasumbalesa, nikaisimamisha na trisikle yangu ya kuzungusha na mikono. Unajua ya mamba wa muto Kafubu aliyeuma gurudumu ya nyuma akaacha meno mule. Ulikuwa mudogo bado, ukasema mbele ya wageni: "Muyomba, ile kamyo kila mwaka unaiongeza remorke moja nyuma. Noeli iliyopita ilikuwa treni." Bantu balicheka mpaka munkoyo ikamwangika kwenye bikombe. Mimi pia nilicheka. Nilijivuna hata, nikasema ona, mutoto iko na kichwa.

Juzi, nilipoanza kukuambia habari ya Donat kipofu, ulibwaga kijiko. "Kwanza kamyo, halafu mamba, sasa kipofu? Muyomba, unaogopa kubaki peke yako. Sema tu." Na Mama Chantal akacheka, na Fabrice, aliyekuwa amekaa kwenye kiti yangu, akacheka kupita bote.

Naogopa, ni kweli. Lakini sio ile.

Najua kinachokupeleka. Muguu yako haikuzaliwa vile. Ulikuwa na malaria, infirmier alikuwa na haraka, akapiga sindano ya kinini pabaya kwenye tako, na tangu ile siku unyayo ukalala kama samaki. Chuma ya muguu ambayo bamasere, masista ba parokia, walikutengenezea imekuwa fupi, ngozi yake imeoza, na fundi aliyejua kuitengeneza ametoka hii muji. Unashona kwa mashine ya mukono juu ile ya muguu haikutii, na bado hakuna mwanamuke wa parokia anayeolewa bila kikwembe yake ya arusi kupita kwenye vidole vyako. Unataka chuma mupya na kazi ya kweli. Nani atakukataza? Hapa serikali haina cha kukupa, ile tunaijua bote, hakuna anayeikasirikia tena.

Lakini hapa kilema iko na barabara. Njo kitu Fabrice hakuambie, na wewe umeizoea mpaka hauioni. Pale Kasumbalesa, muntu mwenye kupita na trisikle, na mufuko ya unga nyuma na mafuta chini ya kiti, bantu ba duane, bale ba ushuru, banageuza uso. Hakuna aliyeandika ile sheria. Ni desturi ya mupaka: muguu yetu njo karatasi yetu. Na chefu mupya akija na akili ya kutulipisha, tunafanya nini? Tunalaza matrisikle katikati ya njia, kinga kwa kinga, gurudumu ikigusa gurudumu. Tunapiga kengele. Tunaimba. Makamyo yanajipanga nyuma mpaka hauoni mwisho, madereva banatukana mama zetu, na mbele ya jua kuingia yule chefu anatuma mutu: "Mwite Prezida." Njo mimi hapo. Ile sio uongo, uliniona wewe mwenyewe, ulikuwa kwenye kiti ya nyuma unakula muhindi.

Na ile njo ujinga niliyoibeba mpaka Joburg. Nilifikiri kilema ni kilema kila pahali, na kelele ni kelele.

Nilikuambiaka nilikuwa kule na kazi ya sirkilasio. Ulifikiri polisi ya barabara, na mimi nikakuacha ufikiri. Sikiliza basi. Sirkilasio ilikuwa vile: nilikaa chini ya taa za njia panda, kopo mukononi, na taa ikiwa nyekundu nanyoosha mukono kwa magari. Muntu tuliyemuita Boss alitupangisha chumba, sisi bilema ba inchi mbalimbali, na jioni anakuja kuchukua makopo. Alikuwa mupole. Hakupiga muntu. Karatasi zetu alizitunza yeye, "juu zisipotee", na kila mara alisema ngojeeni kidogo, serikali ya hapa inalipa bilema kila mwezi, majina yenu yamekwisha kuingia. Taa ni ya kungojea tu. Tulingoja. Ngoie, ile neno ngojea njo kamba, haina tena kamba ingine.

Donat alilala karibu na mukeka wangu. Alikuwa mutu wa Likasi, fundi wa redio mbele ya macho kufa, na masikio yake, ninakuapia, yalisikia sarafu ikianguka kwenye kopo ya jirani akakuambia ni ya ngapi. Tulipigiana uongo usiku kama bafalme bawili. Yeye peke yake ndiye aliyenishinda.

Siku moja nikachoka kungojea. Nikamuambia, "Donat, sisi ni bantu ba Katanga. Twende kwa ile biro ya serikali yenye kulipa bilema, tufanye kama Kasumbalesa."

"Na wakitufukuza?"

"Mimi Prezida nafukuzwa?"

Tukaenda, yeye na mimi na wengine ba chumba. Nikalaza trisikle kwenye mulango ya biro. Tukapiga kengele, tukaimba, nikavua shati. Donat akasema kwa sauti, mbele ya bantu bote, jina ya Boss, na kwamba Boss anatuambia feza yetu inakuja pale kwa majina yetu, sasa iko wapi?

Mama mumoja akatoka. Hakukasirika, mwana wangu. Hapa muntu akikasirika, unajua amekuona. Yule aliinama akauliza pole pole tuko na karatasi gani. Tukamuambia za muda, za bale bameomba kimbilio na bado banangojea jibu, na ziko kwa Boss. Akasema ile feza ya mwezi haiko ya hii karatasi. Majina yetu hayakuingia pahali popote, na hayawezi. Akasema pole. Halafu mulinzi akashika trisikle yangu, na mimi juu yake, akanisogeza mpaka njiani kama muntu anasogeza ndoo ya maua. Makelele yangu yote, na mulango ikajifunga bila hata kupiga.

Boss alijua mbele ya sisi kufika nyumbani. Alileta kuku na bukari yao ya kule, akamuhudumia Donat kwa mukono yake. Kisha akamuambia: "Papa Donat, nimekupatia pahali pazuri, kituo ya bipofu. Kesho nakupeleka. Ile fimbo yako ya muti acha, kule watakupa mupya, nyeupe, inakunjika." Donat alifurahi. Aliniuliza ni nyeupe ya namna gani, nikamuambia kama unga ya Kasumbalesa.

Asubuhi alikuwa haiko. Fimbo ilibaki nyuma ya mulango.

Nilimupigia simu. Nilituma bantu kwa parokia, nilituma kwa bantu ba Likasi ba pale mujini. Hakuna kituo ya bipofu iliyomujua. Mukeka yake ilipata muntu mwingine. Na mimi kila nikitoka na kuingia, ile fimbo inaniangalia, na pale alipoishikaka pamelainika kwa jasho ya miaka. Kipofu haachi fimbo, Ngoie. Anaweza kuacha kiatu, kofia, bibi hata. Fimbo, hapana.

Sasa kumbuka meza yetu ya juzi. Ulikuwa unainuka, na Fabrice, na marashi yake ile inapigisha kuku chafya, akakushika bega: "Fimbo hii acha, mama. Na hii mashine ya mukono, ya nini? Kule watakupa fimbo ya aliminiumu. Sans problème, hakuna shida." Wewe ulitabasamu. Mimi nikasukuma sahani. Ulisema nimenuna juu ya kiti yangu.

Sijui kama Fabrice ni muntu wa Boss, ao kama hawakuonana hata siku moja. Sina ushahidi wa kupeleka pahali. Niko tu na ile maneno moja, kutoka kwa vinywa viwili, na miaka katikati. Na najua kazi ya ile maneno, juu niliikalia. Muntu bila fimbo haendi mbali. Na chini ya taa, anayeshindwa kusimama anaonekana vizuri zaidi.

Angalia vile alivyofanya. Alikuomba picha umesimama bila chuma, sketi mpaka magoti. Je, aliomba kuona hata mushono moja? Pasipoti yako iko kwenye mufuko wa nani? Na anaposema serikali ya kule itakulipa kila mwezi, muulize neno moja tu, neno ambayo imenigharimu kupita yote niliyosoma kwa shule, na shule sikusoma sana: kwa karatasi gani?

Utasema mimi nilipona vipi. Sikupona kwa nguvu, ingawa kwa miaka nilikuambia nilipigana nao. Nilipona kwa kidonda. Nilikaa chini ya taa mpaka tako ikafunguka, kidonda kikaingia ndani, kikanuka, na homa ikanibeba. Mama mumoja aliyeuza pipi kwenye mulango ya hospitali, Mama Nomsa, muzaliwa wa pale, yeye mwenyewe kwenye kiti ya magurudumu, alinisikia kwa pua mbele ya kunisikia kwa masikio. Akaniuliza nimetafuta musaada wapi. Nikamuhadithia biro, kengele, shati. Alicheka mpaka akashika magurudumu.

"Baba," akasema, kwa luga yao ambayo nilisikia nusu, "ulipiga kelele mbele ya ukuta. Mulango iko pembeni."

Alinifundisha kutazama milango. Ile ya feza ya mwezi haikuwa yangu, hata ningelia damu, na kila siku niliyoilalia ilikuwa siku ya Boss. Lakini kidonda, hospitali ilikiangalia. Hakuniambia niombe feza. Aliniambia niombe mutu wa kunifundisha kukaa, na mto wa kukalia, na kiti kama iko. Kulikuwa na mawakili basiolipisha, wenye kusaidia bageni kurudishiwa karatasi zao. Kulikuwa na chumba nyuma ya kanisa ambapo wamama bilema ba pale pale bananyosha miguu na kushona na kusengenya. Wale hawakuuliza karatasi kwanza. Waliuliza unajua kufanya nini. Nilisema mimi najua kusimamisha kamyo. Balinipa mashati ya kushonea vifungo.

Na hakuniacha niende peke yangu hata mara moja. Kila mulango aliingia mbele, na kiti chake, na sauti ndogo. Wakiniambia hapana, anauliza, "Basi nani anasema ndiyo?" na hatoki mpaka wamuambie jina. Ile njo yote niliyoleta kutoka Joburg, mwana wangu. Sikuleta televisheni. Tafuta kilema mwenzako mwenye inchi, muzaliwa wa pale, ingia nyuma yake. Na usimupe muntu yeyote karatasi yako akutunzie, hata akiwa anasali rozari kwa Kilatini.

Nilimupigia Mama Nomsa jumapili. Amezeeka, anakohoa, bado anacheka kamyo yangu. Nilimuambia habari ya muguu yako, akanikata: "Anashona?" Nikasema anashona vile malaika watavaa. Akasema, "Kuna fundi wa chuma kwenye hospitali, anangojewa na bantu mingi, itachukua muda, sikuahidi kitu. Lakini chumba iko, na meza moja haina mutu. Aje na mashine yake." Hakuahidi kitu. Nilipokata simu nililia kama mutoto, juu tangu Fabrice aingie kwetu, yeye ni wa kwanza kuniambia ile neno "sikuahidi".

Sikukatazi kwenda, basi. Nakuonyesha kwamba kuna njia mbili, na zote mbili zinapita Kasumbalesa.

Sasa sikiliza vizuri, na usimusomee muntu.

Kesho, yaani leo kwako unayesoma asubuhi, karibu na kizuizi, makamyo yatasimama na gari ya Fabrice itapita pembeni, juu anajuana na bantu. Pale utasikia kengele. Matrisikle yatatoka upande wa bauza-feza, bale banabadilisha feza, kinga kwa kinga, na yatalala mbele ya gari. Fabrice atasema ni bevi banakuja kuiba, fungeni madirisha. Wewe usifunge. Mwamba, yule wa ndevu, aliyekuwa anakupa karanga, atakuja kwenye dirisha na ataulizia jambo moja tu: kila muntu ndani ya hii gari iko na pasipoti yake mukononi? Atauliza kwa nguvu, mpaka bantu ba uhamiaji basikie, na hawatakuwa na namna ya kutosikia. Kelele yetu kule Joburg haikufaa kitu. Pale mupakani, mwana wangu, ni serikali.

Kama unataka kuendelea na Fabrice, kaa kimya. Watafungua njia. Nimewaapisha, na hakuna atakayekushika mukono. Wewe sio mutoto, na mimi nimechosha masikio yako miaka mingi, siwezi kukudai imani kwa usiku moja.

Kama unataka kushuka, usiseme kitu. Najua sauti yako inakatikaka mbele ya wanaume. Toa fimbo kwenye dirisha. Ile tu. Bale bengine ndani ya gari, kama bako na fimbo zao, bataona kwamba inawezekana. Mama Odile wa parokia, yule wa bikwembe, iko pale na nafasi yako kwenye bas ya Lusaka, na kutoka Lusaka anajua nani wa kukupokea. Mashine yako nimekwisha kuichukua, utaikuta kwake. Asubuhi utaona meza iko tupu, utafikiri nimeiuza. Mama Chantal usimuulize, hajui.

Na mimi usinitafute kwenye nyumba. Dereva wa kamyo ya makaa atanipitia mbele ya jogoo. Mwamba alisema kwa telefone nikae pembeni, juu bale bantu ba Fabrice hawachezi, na mikono yangu sio ya zamani. Nikamuambia, mimi njo nilisimamisha kamyo ya shaba. Akacheka. Halafu akasema sawa, nafasi ya katikati ni yako.

Ile kamyo, Ngoie, niliikuta imekwisha kusimama. Ilikuwa imeingia kwenye rundo ya muchanga, dereva anatetemeka, na mimi nikaweka trisikle mbele yake ili bantu bakifika banione pale. Njo hadithi yote. Haikuwa na remorke hata moja.

Gari ya kesho itakuwa inatembea. Nitakuwa katikati ya njia, na shati nyekundu, uso kwako. Sitaangalia Fabrice, wala magurudumu. Nitaangalia dirisha yako.

Muyomba wako,
Numbi